Ukingo wa Mkasi

Bibi Deolinda hana kompyuta. Ana redio ya betri,
ana simu ya waya ukutani, na ana Belmiro,
tarishi wa posta, ambaye kila Alhamisi
hupanda kilima kwa pikipiki
hadi nyumba ya mwisho ya Vale de Freixo,
pale lami inapokata tamaa.

Mwaka juzi nilimpa simu yangu aitazame.
Aliipokea kama mtu anayepokea sahani ya moto,
akalowesha kidole kwa ulimi, akataka kufunua ukurasa.
Mwanangu Iria akaruka, akaja paka, ikaja risiti ya duka,
ukaja mguu wa mtu nisiyemjua.
"Mbona hawatulii?" akauliza.
"Niletee waliotulia."

Basi huku Luksemburgi, kila mwisho wa mwezi,
nashuka kituo cha Esch, nasimama mbele ya mashine
nyuma ya watu na picha zao za pasipoti,
nachagua kumi kati ya mia nne.
Zinatoka na joto, kama mikate.
Nyuma naandika kwa herufi kubwa:
IRIA KANG'OKA JINO. THELUJI. KEKI ILIYOUNGUA.
Herufi kubwa si kwa ajili ya Bibi. Macho yake,
tangu kiangazi kilichopita, humwambia tu
dirisha liko upande gani.
Ni kwa ajili ya Belmiro, asomaye.

Na Belmiro husoma! Hukalishwa jikoni,
hukatiwa jibini, humiminiwa glasi,
barua za kijiji kizima zikingoja begani.
Husoma nilichoandika na nisichoandika.
Kwake Iria hucheka hata alipolia,
na ukungu wa ukuta wetu ni maua ya kijivu.
Bibi husikiliza, vidole vikizunguka pembe za karatasi,
moja, mbili, tatu, nne,
kama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Mwezi Machi Adérito aliondoka.
Sikuwa na neno la kuandika nyuma ya picha.
Nilichukua ile ya ziwani, tulipokuwa watatu,
nikachukua mkasi wa jikoni.
Nilimkata kwa uangalifu, kuanzia kofia.
Vikabaki vidole vinne juu ya koti la mtoto,
maana havikukatika bila kumkata mtoto.

Alhamisi ile, nasikia, Belmiro alisema:
"Mama na binti. Ziwa. Jua."
Akamaliza glasi yake, akaondoka mapema.

Agosti nikafika. Begi lilikuwa bado mlangoni
Bibi alipofungua bati la biskuti, akapapasa,
akatoa moja tu, wala hakukosea.
"Hii ni nyembamba," akasema.
"Zenzako zote zina pembe za mviringo.
Hii ina mbili laini na mbili kali.
Na tangu ije, Belmiro haitaji kofia ya Adérito,
yeye ambaye hata kwenye keki aliitaja."

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya picha, kumbe, aijuaye ni mkato.

Nikakaa kiti cha tarishi. Akanisukumia jibini.
Hakuuliza kwa nini, wala lini.
"Kipande kingine kiko wapi?"
Kwenye droo, nikasema, chini ya bili za gesi.
"Kitunze. Si kwa ajili yake.
Siku moja mtoto huyu atauliza
vile vidole ni vya nani."

Kisha, uso kauelekeza dirishani:
"Na Belmiro usimwambie kitu. Mwache asome.
Ana sauti nzuri anapodanganya."